Nani Ameshika Mizani? Neno Juu ya Kusoma Karata za Taroti

Mtu anayeanza kujifunza kusoma karata za taroti hupewa, aghalabu siku moja, vitu viwili: jozi ya karata 78 na kijitabu cha maana zake. Karata humshangaza, kijitabu humtuliza. Akiona picha asiyoifahamu hufungua ukurasa, akakuta maneno matatu au manne, akayachukua kama achukuavyo mtu maana ya neno katika kamusi. Makala haya yataonyesha kwamba utulivu huo ndio hatari ya kwanza ya elimu hiyo. Yataonyesha pia kwamba mwanafunzi wa Moshi, au wa Marangu, au wa Machame, akija na kile alichorithi kwao, ana msingi wa kusoma ulio bora kuliko ule apewao na kijitabu.

Sisemi kwamba karata zaijua kesho. Hakuna hoja iliyosimama mpaka leo kuthibitisha jambo hilo, wala mhakiki hana haja nalo. Nasema kwamba karata ni maandishi ya picha. Na maandishi yo yote yaweza kusomwa vizuri au vibaya, na usomaji mbaya waweza kumdhuru hata mtu ambaye hakuwapo karata zilipotandazwa. Kwa sababu hiyo neno hili ni letu, sisi tuliojipa kazi ya kusoma.

Yafaa tuanze na asili, maana asili imepotoshwa. Taroti ilizaliwa kaskazini ya Italia katika karne ya 15, nayo ilizaliwa mchezo. Katika miaka ya 1440 watu wa Florence na Ferrara walikuwa wakiitaja kwa jina la trionfi, yaani karata za ushindi. Kwa zaidi ya miaka 300 ilichezwa kama michezo mingine ya karata. Ndipo mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, alipotangaza kwamba karata hizo ni masalio ya kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri. Wakati huo hapakuwa na mtu ulimwenguni aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion hakuyafumbua mpaka mwaka 1822. Muda si mrefu, mwaka 1785, mtu aliyejiita Etteilla alianza kuuza elimu ya kuagua kwa karata hizo pamoja na orodha za maana. Hivyo kijitabu cha maana ni mtoto wa karne ya 18, na baba yake ni dhana isiyokuwa na ushahidi.

Walakini Misri haikukosa sehemu katika habari hii. Karata za kuchezea ziliingia Ulaya kutoka nchi za Kiislamu, na jozi ya zamani ya Wamamluki wa Misri, iliyohifadhiwa Istanbul, ina aina nne: vikombe, panga, sarafu na fimbo za kuchezea mpira juu ya farasi. Waitalia walizichukua aina hizo nne. Wareno nao wakawa nazo, wakaziita copas, espadas, ouros na paus: vikombe, panga, dhahabu na magongo. Wareno walikuja pwani yetu mwaka 1498, wakakaa Mombasa hata Ngome ya Yesu ikaanguka mwaka 1698. Walituachia nini? Fungua kamusi ya Kiswahili, utazame majina ya karata: kopa, shupaza, uru na pau.

Msomaji ataona neno lilipofika. Mwanafunzi wetu afundishwa kwa Kiingereza kwamba taroti ina aina nne ngeni, zenye siri ya maji, hewa, ardhi na moto, na kwamba hana budi kuyakariri majina yake. Kumbe majina hayo yamo kinywani mwake. Aliyewahi kuketi barazani akitupa kopa juu ya kopa ameishika ile karata ya vikombe kwa jina lake la zamani, hata kama picha mkononi mwake imekwisha kugeuka moyo. Tena neno letu turufu, karata ishindayo nyingine zote, ni la ukoo mmoja na trunfo ya Wareno na trionfi ya Waitalia. Karata 22 kubwa za taroti, ambazo vijitabu huzipa majina ya kutisha, kwa Kiswahili sanifu ni turufu tu. Lugha yetu imeihifadhi asili ya jambo, yaani mchezo, kuliko ilivyohifadhiwa na wale wanaojitia kuwa walinzi wa siri yake. Hilo ni fundisho la kwanza kwa mwanafunzi: asiingie katika chumba hiki akitetemeka. Amekuwamo sebuleni siku zote.

Sasa tuje kwenye karata zenyewe. Jozi inayotumika zaidi leo kwa wanaoanza ni ile iliyochapishwa London mwaka 1909. Arthur Edward Waite aliiagiza na kuiandikia kitabu. Pamela Colman Smith aliichora. Kwa muda mrefu jozi hiyo imeitwa kwa jina la mchapishaji na la mwandishi, jina la mchoraji likaachwa. Nalo lilikuwa kosa kubwa la haki na la uhakiki pia, kwa kuwa ubora wa kazi hiyo umo katika michoro. Kabla yake, karibu jozi zote zilionyesha karata ndogo kwa hesabu ya alama tu: panga tatu, vikombe saba. Smith alizipa karata hizo watu, mavazi, hali ya hewa na mambo yanayotendeka. Kwa hiyo aliziondoa katika orodha akaziweka katika hadithi. Waite naye aliandika kitabu cha kuzirudisha katika orodha.

Tuchukue mfano mmoja, uru sita. Pichani tajiri amesimama, amevaa vazi jekundu. Mkono mmoja umeshika mizani, mkono wa pili wadondosha sarafu katika viganja vya maskini waliopiga magoti. Waite asema kwamba karata hii ni ushuhuda wa mafanikio ya mtu na wema wa moyo wake, na vijitabu vilivyomfuata vimerudia neno lile lile: ukarimu. Lakini mwonyeshe picha hiyo mkulima wa kahawa wa Kibosho au wa Kirua. Hataanza na sarafu. Ataanza na mizani. Atauliza nani ameishika, na kwa nini mpokeaji hakuipewa aitazame. Watu wa mlima ule walijifunza swali hilo kwa gharama. Chama chao cha kwanza cha wakulima kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, ili kahawa ipimwe na kuuzwa na wenye kahawa. Msomaji huyo hakuiacha picha ili aseme mambo yake. Mizani imo katika picha, magoti yamo, na tofauti ya kimo kati ya mtoaji na mpokeaji imo. Ni kijitabu kilichoiacha picha.

Au tuchukue turufu ya 17, Nyota. Mwanamke amepiga goti kando ya ziwa, ana mitungi miwili. Mmoja aumimina majini, wa pili aumimina juu ya nchi kavu, na maji yale yakatengana kuwa vijito. Vijitabu vyasema matumaini. Neno si baya, ila ni jembamba. Mtu aliyekulia katika kihamba, ambako mifongo ya mababu huyashusha maji ya mlima mpaka migombani kwa zamu, ataviona vile vijito kuwa kazi na haki: maji yamegawanywa, na kila mgao una mwenyewe. Matumaini ya Nyota, kwa msomaji huyu, si ya kuketi na kungoja.

Na turufu ya 9, yule mzee mpweke mwenye taa, asimama juu ya kilele cha theluji. Kwa Waite kilele hicho ni alama ya mtu aliyefika. Uchagani upande wa Kibo ulikuwa upande wa heshima. Kilele kiliangaliwa na wote, nacho kiliwapa wote maji. Upweke wa mzee yule kwa hiyo wawa na maana mbili zinazopigana, na msomaji mwema huacha zipigane.

Mtu aweza kuuliza: je, kila mtu akisoma kwa macho ya kwao, hatutaishia kusema kila mmoja lake? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo mlimani humo humo.

Wazee wa Kichaga walikuwa na fimbo ya mafundisho iitwayo mregho. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliandika mengi juu ya mafundisho yake. Na Otto Raum aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya utoto wa Wachaga. Fimbo ilichanjwa alama kwa mafungu. Mwalimu aliwafundisha vijana alama moja baada ya moja, na kila alama ilibeba wimbo au fundisho lake juu ya mwili, kuzaliwa na adabu ya mtu mzima. Mgeni akiiokota fimbo ile haoni ila mikato. Alama haikuwa na maana peke yake, lakini haikuwa tupu pia: ilikuwa na mahali pake katika mfuatano, na watu waliokubaliana juu yake, na mwalimu aliyeweza kumwambia kijana kwamba amekosea. Nani aweza kusema basi kwamba huko hakukuwa na kusoma?

Tazama pia sale. Jani la mmea huu likiwa limepandwa mpakani mwa kihamba, lasema: hapa ndipo mwisho wako. Likiwa mkononi mwa mtu aliyekosa, akija mlangoni pa mwenziwe, lasema: nisamehe, na kulikataa ni jambo zito. Jani ni lile lile. Mahali na mkono ndivyo vilivyogeuza neno. Mtu akitunga kijitabu akaandika kwamba sale ni msamaha, atakuwa amesema kweli, na mpakani atapotea.

Hivi ndivyo karata zitakavyo kusomwa. Katika utandazaji wa karata tatu, ile inayoanguka mahali pa yaliyopita haisemi kama inavyosema ikianguka mahali pa yajayo. Na uru sita ikikaa kando ya Nyota haisemi kama inavyosema ikikaa kando ya shupaza kumi, ambapo mtu amelala kifudifudi, panga kumi zimemsimama mgongoni. Italo Calvino aliliona jambo hili katika riwaya yake iliyotimia mwaka 1973, ambamo wasafiri waliopotewa na sauti zao wasimuliana maisha kwa kupanga karata za taroti mezani. Karata ile ile yatumika katika kisa cha huyu na cha yule, na kila mara jirani zake huipa kazi mpya. Ni sarufi, wala si kamusi.

Sarufi yataka kanuni, na kanuni ndiyo impayo mtu uwezo wa kukosea. Ramli ya pwani yaweza kutufundisha hapa. Mpiga ramli hutia nukta bila kuzihesabu katika mistari 16, kisha kila mstari ukiwa witiri huandika nukta moja, ukiwa shufwa huandika mbili. Hupata maumbo manne ya kwanza, na kutoka katika hayo huzalisha mengine mpaka yawe 15, la mwisho likiwa la hukumu. Iko mipango 65,536 iwezekanayo, na katika yote hiyo umbo la hukumu huwa na nukta za shufwa. Kwa hiyo katika maumbo 16 ya ramli, manane tu ndiyo yawezayo kukaa mahali hapo. Mpiga ramli akileta la tisa, amevuruga hesabu, na mwanafunzi wake aweza kumwonyesha. Taroti haina hesabu ya namna hiyo. Kizuizi chake pekee ni picha: msomaji ameulizwa aonyeshe kwa kidole pale alipoliona alisemalo. Asipoweza kuonyesha, amenyamazishwa na kanuni. Ndiyo maana mwanafunzi anayetazama kijitabu kabla ya picha ameitupa kanuni ya pekee aliyokuwa nayo.

Mfano wa hatari hiyo twaupata mlimani mwenyewe. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kibo. Mwongozi wake aliuita baridi tu, kwa jina la kazi yake. Kulikuwa na habari za watu waliodhani ni fedha. Rebmann akasema ni theluji. Huko London, William Cooley, bingwa wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa kwa miaka mingi, kwa sababu vitabu vyake havikuruhusu theluji karibu na Ikweta. Wasomaji hao wote walikuwa mbele ya alama moja. Mwongozi hakuijua theluji, lakini alisema kile alichokithibitisha kwa ngozi yake, asizidishe. Cooley alijua mengi zaidi, na usomaji wake ndio uliokuwa mbaya kuliko wote.

Nimesema kwamba usomaji mbaya waweza kumdhuru asiyekuwapo. Hapa sipambi maneno. Nchini Tanzania tuna jina la ramli ya namna hiyo: ramli chonganishi. Mtu amefiwa na mtoto, au ng'ombe wake wamekufa, aja kuuliza sababu. Mwaguzi asoma alama, akamtaja jirani au shangazi. Wanawake wazee wameuawa kwa usomaji huo. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ahadi za waganga, hata Januari 2015 Serikali ikatangaza marufuku juu ya wapiga ramli. Hatuwezi kujifariji kwa kusema kwamba taroti ni karata nzuri za kizungu, zisizohusika na mambo hayo. Mwanafunzi akitandaza karata kwa rafiki yake, akaona mwanamke mwenye upanga kitini, akasema huyu ni mama mkwe wako, ameifanya kazi ile ile kwa karatasi iliyo nzuri zaidi. Picha ilionyesha mwanamke na upanga. Mama mkwe hakuwamo.

Fasihi yetu imelifikiri jambo hili kwa kina kuliko vijitabu vyote vya taroti. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, nabii wa Vita vya Maji Maji apandwa na nguvu, asema neno. Na katika neno hilo mna habari ya watu kuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka hawezi kulielewa neno lililotoka kinywani mwake. Watu wamekwisha kulisoma, kila mmoja apendavyo, na vita haviwezi kurudishwa nyuma. Msiba wa Kinjeketile ni msiba wa msomaji mwaminifu aliyezungukwa na wasomaji wenye haraka. Yeye peke yake ndiye athubutuye kusema kwamba maana bado haijulikani. Sijui fundisho lililo bora kuliko hilo kwa mtu aliyeshika karata mkononi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa taroti, kwa maoni yangu, afuate utaratibu huu. Kijitabu akiweke kando mwezi mmoja. Kila siku achukue karata moja, aandike kwa Kiswahili vitu vilivyomo: nani amesimama, nani amepiga goti, maji yaenda wapi, nani ameshika nini. Asiandike maana. Baadaye aweke karata mbili pamoja, atazame kila moja imeigeuzaje nyingine. Ndipo asome kijitabu, kama tusomavyo mhakiki baada ya kusoma shairi, akubali lililo na ushahidi na kukataa lisilokuwa nao. Na akisomea mtu mwingine, aseme yaliyomo mezani tu, wala asimtaje mtu aliye nje ya chumba. Swali lirudishwe kwa mwulizaji, kwa kuwa maisha yanayoulizwa ni yake.

Utaratibu huu wataka subira, nao hauvutii wateja. Mtu ajaye na dhiki hutaka jina na tarehe. Atakasirika akipewa swali. Lakini ndio ule ule tunaoutumia darasani kwa utenzi na kwa riwaya, ambako pia wapo wanaokuja na kijitabu cha majibu, wakaandika ukarimu pale palipochorwa mizani. Tukiwaachia wasome hivyo mashairi, tusistaajabu wakisoma hivyo majirani zao.